Ususi wa Viondo Kitui na Makueni: Ufundi, Vizazi na Hatima ya Msamiati Wake

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hufunzwa mapema kwamba fasihi hiyo huishi kinywani mwa fanani na masikioni mwa hadhira. Ni nadra aulizwe mikono ya fanani ilikuwa ikifanya nini wakati wa usimulizi. Kitui na Makueni, sehemu mbili za Ukambani, jibu la swali hilo kwa wanawake wengi wa vizazi vilivyotangulia lingekuwa rahisi: ilikuwa ikisokota uzi wa kiondo.

Makala haya yananuia kueleza ufundi wa kusuka viondo katika sehemu hizo mbili: jinsi kazi yenyewe inavyofanywa, jinsi inavyopokezwa kutoka kwa nyanya hadi kwa mjukuu, na mambo yanayoyapata maneno yake kazi inapobadilika. Hoja yetu kuu ni kwamba ufundi huu hupokezwa kwa kukaa pamoja kazini, na kwamba hatua ya kazi iliyobeba mazungumzo mengi zaidi ndiyo inayorukwa kwa urahisi zaidi siku hizi. Kwa hivyo yawezekana kiondo kikaendelea kuuzwa sokoni ilhali lugha yake inakufa nyumbani. Jambo hili linamhusu mwanafunzi wa Kiswahili kuliko anavyoweza kudhani, kama tutakavyoonyesha.

Kiondo na jina lake

Kiondo ni kikapu cha mviringo kisicho na mshono, kinachosukwa kuanzia kitako hadi mdomo kwa nyuzi zilizosokotwa kwa mkono. Tangu jadi kimetumiwa kubebea mavuno, mbegu na vitu vya nyumbani, aghalabu mgongoni, mkanda wake ukipita kwenye kipaji cha uso. Gerhard Lindblom, mtafiti kutoka Uswidi aliyeishi miongoni mwa Wakamba kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, alizungumzia kazi zao za mikono katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1920. Ufundi tunaouzungumzia basi si zao la biashara ya utalii, ingawa utalii ulikuja kuukuza.

Neno lenyewe limeingia katika Kiswahili cha Kenya kutoka lugha za bara. Wakamba husema kyondo, wingi wake syondo. Wakikuyu husema kiondo, wingi wake ciondo. Mwanaisimu hatashangaa kuona jinsi neno hili lilivyokaa vyema katika ngeli ya KI-VI, kwa kuwa Kikamba kina ngeli iliyo jamaa ya karibu: kitu na vitu katika Kiswahili ni kindu na syindu katika Kikamba. Nomino ilipovuka mpaka wa lugha hizi mbili ilijikuta bado iko nyumbani.

Kitenzi hakikuvuka. Mkamba husema kutuma kyondo. Katika Kiswahili, kutuma ni kupeleka. Anayesema kwamba mama anatuma kiondo ataeleweka kuwa mama amempa mtu akipeleke mahali. Ndiyo maana hulazimika kutumia kusuka, kitenzi kilekile tunachokitumia kwa nywele, mikeka na vikapu vya pwani. Hapo ndipo tatizo la kwanza la msamiati linapozuka, kwa kuwa vitendo hivi havilingani. Msusi wa pwani huchana miyaa ya mkindu au mkoma, akaisuka iwe utepe mrefu uitwao ukili, kisha akaushona ukili huo mzunguko kwa mzunguko hadi ukawa mkeka au kikapu. Msusi wa kiondo hana ukili wala hashoni. Yeye ana nyuzi zinazosimama na nyuzi zinazozizunguka. Maneno ya Kiswahili yanayokaribia hali hiyo yanatoka kwa mfumaji wa nguo: mtande, yaani uzi wa urefu, na mshindio, yaani uzi unaopitishwa kwa upana. Tutayaazima hapa kwa sababu yapo tayari na yanaeleweka.

Hatua za kazi

Hatua ya kwanza ni kupata nyuzi. Zamani zilitoka kwenye miti na vichaka vya nyika, na mbuyu ulikuwa miongoni mwa miti iliyothaminiwa sana. Mibuyu bado ipo Kibwezi na Mtito Andei upande wa Makueni, na Mutomo na Ikutha upande wa Kitui. Gome la mbuyu hubanduliwa, likapondwa na kulainishwa, na nyuzi za ndani zikatengwa. Mti huu una sifa isiyo ya kawaida: gome lake likibanduliwa kwa uangalifu huota tena, na mti huendelea kuishi. Kujua ubandue wapi na uache wapi ni sehemu ya ufundi kabla hata uzi haujapatikana.

Mkonge ulikuja baadaye. Mmea huu wenye asili ya Meksiko uliletwa Tanganyika mwaka 1893, wakati wa utawala wa Wajerumani, kisha ukaenea hadi Kenya. Kibwezi kuna shamba kubwa la mkonge la Dwa, na wakulima wadogo huupanda mmea huo kama ua wa mashamba yao. Jani hukatwa, miiba ikaondolewa, likapasuliwa vipande vyembamba, kisha kila kipande kikavutwa kwa nguvu kati ya gogo na ubapa wa chuma hadi nyama ya kijani itoke na kubaki singa nyeupe. Singa hizo huoshwa na kuanikwa juani. Utomvu wa mkonge huwasha, na mikono ya mgeni wa kazi hii huutambua upesi.

Hatua ya pili ni kusokota. Msusi huchukua vishungi viwili vya singa, akavilaza pajani, akavisukuma mbele kwa kiganja hadi kila kimoja kijisokote peke yake. Kisha huvirudisha nyuma pamoja, navyo vikaungana kuwa uzi mmoja. Uzi huo haufumuki kwa kuwa misokoto yake miwili inapingana: mmoja unapotaka kulegea, mwingine hukaza. Kabla uzi haujaisha, vishungi vipya huchomekwa, na hivyo uzi ukaendelea bila fundo. Kusokota hakuhitaji macho. Huweza kufanywa gizani, katika mkutano, wakati wa kumwangalia mgonjwa au njiani kuelekea sokoni. Jambo hili tutalirejea.

Hatua ya tatu ni kitako. Mitande michache hupishanishwa katikati, na nyuzi mbili za mshindio zikaanza kuizunguka. Kwa kila mtande, uzi mmoja hupita mbele na mwingine nyuma. Baada ya hapo nyuzi hizo hubadilishana nafasi na kuuendea mtande unaofuata. Kadiri duara linavyopanuka, nafasi kati ya mitande huongezeka, na mitande mipya huingizwa kuzijaza. Akiongeza michache, kitako hujikunja kama bakuli. Akiongeza mingi kupita kiasi, hujikunjakunja ukingoni mithili ya jani lililonyauka. Hakuna kipimo kilichoandikwa. Kiganja kinachopapasa kitako ndicho kinachoamua.

Hatua ya nne ni ubavu, na hapa pana hesabu ambayo wengi wetu hatuitarajii. Kitako kikitosha, msusi huacha kuongeza mitande. Tuseme nyuzi zake mbili za mshindio ni moja nyeupe na nyingine nyekundu. Zikipokezana kupita mbele, kila mtande wa pili utafunikwa na nyekundu. Ikiwa jumla ya mitande ni namba shufwa, mzunguko wa pili utaanza na rangi ileile iliyoanza mzunguko wa kwanza, na nyekundu itaiangukia nyekundu hadi mdomoni: yatatokea mapambo ya mistari iliyosimama. Ikiwa jumla ni namba witiri, kila mzunguko utaanza na rangi tofauti na uliotangulia, nyekundu itaiangukia nyeupe, na yatatokea mapambo ya madoadoa yanayopishana. Mtande mmoja tu, ukiongezwa au kupunguzwa, hubadilisha sura ya kiondo kizima. Mwanamke ambaye hakuingia darasani hata siku moja anaweza kuijua kanuni hii kikamilifu na kuitawala, ingawa hatumii majina ya shufwa na witiri.

Hatua ya mwisho ni mdomo. Ncha za mitande hukunjwa na kufungiwa ndani ya ususi ili zisifumuke. Viondo vya kuuza mjini mara nyingi hutiwa ngozi na mikanda na mafundi wengine, na soko la Kariokor jijini Nairobi limejulikana kwa muda mrefu kwa kazi hiyo. Kiondo cha ukubwa wa kawaida huweza kuchukua majuma kadhaa, kwa kuwa husukwa katikati ya kazi za shamba, jiko na malezi.

Jinsi ufundi unavyopokezwa

Ukizitazama hatua hizi, utaona zinapangika kwa umri. Mtoto mdogo anaweza kupanga singa na kujaribu kusokota, kwa kuwa uzi mbaya hautii hasara kubwa. Aliyekua kidogo hupewa ubavu wa kiondo ambacho kitako chake kimeanzishwa na mkubwa wake. Kuanzisha kitako na kufunga mdomo huja mwisho. Kwa njia hiyo, kiondo kimoja huweza kupitia mikono ya nyanya, ambaye Wakamba humwita susu, ya mama na ya binti, kila mmoja akifanya sehemu inayolingana na ujuzi wake.

Mafunzo yenyewe hayaanzi kwa maelezo. Samaki hukunjwa angali mbichi, lakini katika ususi mtoto hutazama, hujaribu, hukosea. Mkubwa hukichukua kiondo, akafumua mizunguko miwili mitatu, akamrudishia. Kufumua ndiko kusahihisha. Neno hutamkwa wakati huohuo kosa linapoonekana: hapa umeruka mtande, hapa umekaza mno, hapa uzi wako ni mnene kuliko wa jana. Kila neno hushikana na kitu kilicho mkononi. Ndiyo maana msusi hodari anaweza kushindwa kuyataja maneno hayo akihojiwa mbali na kazi yake, lakini yakamjia yote pindi anaposhika uzi. Mtafiti anayemketisha kwenye kiti na kumwuliza orodha ya istilahi ataambulia machache, na huenda akaandika kwamba msamiati umekufa.

Ufundi wa wanaume wa sehemu hizi hufuata njia hiyohiyo. Mzinga wa nyuki wa kienyeji, ambao Wakamba huuita mwatu, huchongwa kutokana na gogo na kutundikwa mtini. Ukachorwa alama ya kumtambulisha mwenyewe. Kijana hujifunza kwa kumfuata baba au babu yake porini: mti upi huchongeka, tawi lipi hubeba uzito, asali huvunwa wakati gani. Huko nako, mwenye kutaka kujifunza sharti awepo.

Sasa turejee kwenye kusokota. Tumesema ni kazi isiyohitaji macho, nayo huchukua saa nyingi kabla kiondo hakijaanza kuonekana. Mikono ina shughuli lakini ulimi na masikio viko huru. Hakuna mazingira yanayofaa zaidi kwa ngano, vitendawili, methali na habari za ukoo. Ndiyo pia kazi ambayo vizazi vyote vinaweza kuifanya kwa pamoja, kwa kuwa ajuza mwenye macho hafifu na mtoto wa miaka saba wote wanaiweza. John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, alituachia hazina ya ngano za Wakamba katika Akamba Stories, kitabu kilichochapishwa mwaka 1966. Kazi ya namna hiyo ilihifadhi maneno ya fanani. Kilichobaki kwa kizazi chetu ni kuuandika ulimwengu wa kazi uliowakutanisha fanani na hadhira.

Mabadiliko

Katika miaka ya 1970 na 1980 kiondo kilipata soko kubwa nchi za nje. Vikundi vya akina mama vilivyokwisha kuzoea ushirikiano wa mwethya, yaani kazi ya pamoja ya kijiji kama vile kuchimba matuta, viligeukia pia ususi wa kuuza. Wakamba, kama Waswahili, wana methali kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, na mwethya ni methali hiyo katika vitendo. Baadaye viigizo vilivyotengenezwa kwa mashine huko Asia vikaingia sokoni kwa bei nafuu, na mapato ya wasusi yakapungua. Kisha, tarehe 28 Agosti 2017, Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na vikapu vikapata nafasi mpya mikononi mwa wanunuzi.

Mabadiliko ya soko yameleta mabadiliko ya malighafi. Sufu na nyuzi za viwandani hununuliwa zikiwa tayari na zikiwa na rangi tele. Faida yake ni dhahiri: msusi huokoa siku nyingi, na mama mwenye karo ya kulipa hawezi kulaumiwa kwa kuziokoa siku hizo. Hata hivyo, kinachoondolewa ni hatua ileile ya kusokota. Mtoto hupoteza mlango wake wa kuingilia katika ufundi, nyanya hupoteza kazi aliyoiweza hata uzeeni, na maneno ya gome, singa, vishungi na misokoto hubaki bila pa kutamkiwa. Kiondo cha sufu huweza kuwa kizuri sana. Lakini historia yake huanzia dukani.

Shule nayo imekuwa na sehemu yake. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulisisitiza kazi za mikono, lakini masomo hayo yalipunguzwa mapema katika miaka ya 2000. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, umerudisha msisitizo kwenye sanaa na ubunifu, na unamtaka mzazi ashiriki katika kazi za mwanafunzi. Hii ni nafasi njema. Ila mzazi wa leo, aliyesoma wakati kazi za mikono zilipokuwa zimesukumwa kando, mara nyingi hana ujuzi huo. Mwenye ujuzi ni nyanya. Mwalimu atakayemwalika nyanya shuleni atakuwa ameunganisha vizazi viwili kwa kupita juu ya kile cha katikati.

Sheria, rejista na lugha

Kwa miaka mingi yamesikika malalamiko kwamba kiondo kilisajiliwa na wageni, hasa Japani, na kwamba Wakenya wameporwa. Yafaa tuelewe msingi wa suala hili. Hataza hutolewa kwa uvumbuzi mpya, tena kwa muda maalumu. Kikapu kilichosukwa kwa vizazi vingi si uvumbuzi mpya wa mtu yeyote. Basi hataza haimfai mwenye kukipora, wala haimfai msusi mwenyewe anayetaka kukilinda. Pengo hilo ndilo lililohitaji sheria ya aina nyingine.

Katiba ya Kenya ya 2010 inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa na kuitaka dola ikuze lugha za kiasili. Mwaka 2016 Bunge lilipitisha sheria ya kulinda maarifa asilia na semi za kitamaduni, inayozipa kaunti wajibu wa kuweka rejista ya maarifa hayo. Katika ngazi ya kimataifa, Mkataba wa UNESCO wa 2003 kuhusu urithi wa kitamaduni usioshikika unaitaja mapokeo simulizi pamoja na lugha, na papo hapo unautaja ufundi wa jadi. Waandishi wa mkataba huo waliviweka pamoja vitu ambavyo idara zetu huvitenganisha.

Swali ni hili: katika rejista ya Kitui au Makueni, kiondo kitaandikwa kwa maneno gani? Ikiandikwa tu kwamba wanawake wa huko husuka vikapu, rejista itakuwa imelinda neno linalomfaa msusi yeyote duniani. Kinachokitofautisha kiondo ni namna ya kusokota, kuanzisha kitako, kupishanisha nyuzi na kuhesabu mitande. Mambo hayo yanahitaji istilahi. Kikamba kinazo, lakini afisa, wakili na mnunuzi wa nje ya Ukambani hawakielewi. Kiswahili, lugha ya taifa na pia lugha rasmi, kingeweza kuwa daraja, ila kwanza kijifunze kutofautisha kusuka kwa ukili na kusuka kwa mtande na mshindio.

Wajibu wa mwanafunzi wa Kiswahili

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo manne. Kwanza, utafiti wa nyanjani wa fasihi simulizi uandike kazi iliyokuwa ikiendelea wakati wa usimulizi, pamoja na walioifanya na umri wao. Pili, istilahi za ufundi zikusanywe kazi ikiendelea, na kutoka kwa vizazi vitatu vya nyumba moja, ili tuone neno gani limefika kwa mjukuu na neno gani limekwama kwa nyanya. Tatu, neno la Kikamba liandikwe kwanza, ndipo pendekezo la Kiswahili lifuate. Pale ambapo Kiswahili hakina neno, tukope bila haya, kama tulivyokopa kiondo chenyewe. Nne, nakala ya kile kinachokusanywa irudishwe kwa kikundi kilichokitoa, kwa lugha wanayoisoma.

Hitimisho

Makala haya yameeleza ususi wa viondo kama kazi yenye hatua, hesabu na maneno yake, na kama darasa ambamo nyanya na mjukuu huketi benchi moja. Tumeonyesha kwamba soko laweza kukiokoa kikapu bila kuiokoa lugha yake. Wasusi wanaojua kubandua gome la mbuyu na kusokota nyuzi zake bado wapo vijijini, nao wanafikika kwa nauli ya basi kutoka vyuo vyetu vingi. Asiyeuliza hana ajifunzalo. Likizo ijayo, mwanafunzi atakayekwenda Mutomo au Kibwezi na achukue daftari na kinasa sauti, kisha aombe pia kishungi cha singa na nafasi ya kuketi.